Muhula mmoja Ujerumani: Mwanafunzi hafiki mikono mitupu



Miongoni mwa maswali ambayo sisi walimu huletewa baada ya swala ya Ijumaa, lipo moja ambalo zamani lilikuwa nadra na sasa limekuwa la kawaida: "Sheikh, mtoto wetu amepata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani kwa muhula mmoja. Tumwache aende?" Aghalabu swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ndani yake mna khofu mbili. Ya kwanza husemwa wazi, nayo ni kwamba kijana atapoteza dini yake. Ya pili mzazi huona haya kuitamka: kwamba mtoto aliyeutumia utoto wake katika mikeka ya madrasa hatawaweza wenzake wa kule, kwa kuwa wao walikuwa wakisoma mambo mengine.

Ndugu msomaji, mimi binafsi nilisoma muhula mmoja katika nchi hiyo, kwa lugha ya Kijerumani. Leo sikusudii kusimulia safari, kwani safari za watu hazina mwisho. Nakusudia kulijibu swali la wazazi hawa. Na jibu langu, kabla ya kulifafanua, ni hili: mwanafunzi huvuna ugenini kwa kadiri ya alichokwenda nacho kutoka nyumbani. Aliyekwenda na lugha yake, dini yake na historia yake amekwenda na zana za kazi. Aliyekwenda bila hivyo, hata akifaulu mtihani, atarudi na karatasi tu.

Kujifunza lugha ya wengine si jambo jipya

Ipo hadithi mashuhuri midomoni mwa watu, ya kutafuta elimu hata China. Wanazuoni wa hadithi wameidhaifisha, nasi hatuna haja ya kuitegemea, kwa sababu yapo yaliyo madhubuti zaidi. Qur'ani Tukufu, katika Suratu Rum, aya ya 22, imezihesabu tofauti za lugha na rangi za wanadamu kuwa ni katika ishara za Muumba kwa wenye kujua. Ishara haifai kupitwa kwa kufumba macho.

Aidha Imamu Tirmidhi amepokea habari ya Zayd bin Thabit (R.A.), kijana mdogo wa Madina, ambaye Mtume (S.A.W.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili ziandikwe na kusomwa barua baina ya pande mbili. Zayd akajifunza kwa muda wa takriban nusu mwezi. Tuangalie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, kijana huyo hakuanza na lugha ya wageni; alikwishahifadhi sura kadhaa za Qur'ani kabla ya kupewa kazi hiyo. La pili, lugha ile haikumtoa katika dini yake. Ni Zayd huyohuyo ambaye baadaye Sayyidna Abubakar (R.A.) alimkabidhi jukumu zito la kuikusanya Qur'ani. Hiyo ndiyo njia tunayoitafuta kwa watoto wetu: msingi kwanza, kisha safari.

Muhula ulivyo

Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vya Ujerumani umegawanywa katika mihula miwili. Upo muhula wa majira ya baridi, kuanzia Oktoba hadi Machi, na muhula wa majira ya joto, kuanzia Aprili hadi Septemba. Mihadhara ya muhula wa baridi huanza kati ya mwezi wa Oktoba na kumalizika takriban katikati ya Februari. Wiki zinazobaki si likizo tupu, kwani ndizo ambazo mwanafunzi huketi maktabani na kuandika insha ndefu za utafiti kwa kila semina aliyoihudhuria.

Mimi nilikuwa Bayreuth, mji wa wastani katika jimbo la Bavaria, ambao chuo kikuu chake kilifungua milango mwaka 1975 na kujipatia jina kwa taaluma za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ulikuwa muhula wa baridi wa mwaka 1998/99, wakati fedha mkononi ilikuwa bado ni marki. Nilitanguliza miezi minne ya kozi ya lugha, na siku ya kwanza ya mhadhara nikagundua kuwa miezi minne inamtosha mtu kununua mkate na kuulizia njia, lakini haimtoshi kumfuata profesa anayezungumza kwa saa moja na nusu bila kugeuka nyuma.

Mambo madogo yalikuwa na mafunzo yake. Ratiba ikiandika saa nne asubuhi na mbele yake zikawepo herufi mbili, c.t., mhadhara huanza saa nne na robo. Hiyo ni ada ya zamani ya vyuo vyao, inayompa mwanafunzi robo saa ya kutoka jengo moja kwenda jingine. Lakini robo ikishatimia, mlango hufungwa na somo huanza, awepo aliyepo. Na mhadhara unapokwisha, wanafunzi hawapigi makofi, bali hugonga meza kwa vifundo vya vidole. Siku ya kwanza nilidhani wamekasirika. Kumbe ni shukurani kwa mwalimu.

Faida ya i'rabu na ya ngeli

Sasa tuje kwenye ile khofu ya pili, ya mzazi anayedhani kuwa madrasa imemchelewesha mwanawe. Kijerumani kina sifa ya ugumu, na wageni wengi hukikimbia kwa sababu ya jambo moja kubwa: neno hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Mtu anapokuwa mtendaji huitwa der Mann. Anapotendwa huwa den Mann. Anapopewa kitu huwa dem Mann. Na kitu kikiwa ni mali yake, huwa des Mannes. Wenzangu kadhaa katika darasa la lugha, vijana hodari kutoka mataifa mbalimbali, walitaabika sana hapa, kwani katika lugha zao jina halibadiliki hivyo.

Lakini ewe mzazi, mtoto aliyekaa mbele ya mwalimu wake akasoma Ajurrumiyya anaijua habari hii tangu utotoni. Amefundishwa kuwa mtendaji hupewa raf'u, mtendwa hupewa nasbu, na jina lililotanguliwa na harufu ya jarri au lililoegemezwa na jingine hupewa jarri. Tofauti ni kwamba Kiarabu huonesha mabadiliko hayo mwishoni mwa neno, ilhali Kijerumani huyaonesha zaidi katika kile kijineno kinachotangulia. Hali zao ni nne na zetu za jina ni tatu. Msingi lakini ni mmoja: usiulize neno hili ni nini kabla hujauliza linafanya kazi gani. Aliyezoea kulitafuta swali hilo katika matini ya Kiarabu hulitafuta kwa wepesi katika matini ya Kijerumani.

Jambo la pili ni jinsi ya majina. Kijerumani kina jinsi tatu, na kila jina lazima lihifadhiwe pamoja na jinsi yake. Mgeni hulalamika: kwa nini jua liwe la kike na mwezi uwe wa kiume? Mwanafunzi wa madrasa hashangai, kwa kuwa katika Kiarabu pia shams ni ya kike na qamar ni wa kiume. Na Mswahili ana faida ya ziada. Sisi tangu tunajifunza kusema tunapatanisha maneno: kitabu kizuri kimepotea, mti mzuri umeanguka, nyumba nzuri zimejengwa. Hakuna aliyetufundisha ngeli kwa kiboko. Tumezipata katika maziwa ya mama. Mtu mwenye ngeli zote hizo kichwani anaogopaje jinsi tatu?

Jambo la tatu ni mahali pa kitenzi. Katika sentensi tegemezi za Kijerumani, kitenzi husukumwa hadi mwisho kabisa. Msikilizaji husikia nani, lini, wapi na kwa sababu gani, lakini hajui nini kilichotendeka mpaka msemaji amalize. Matokeo yake ni kwamba huwezi kumkatiza mtu katikati ya maneno na ukawa umemfahamu. Nimeona katika hilo adabu ya usikilizaji ambayo sisi tumeamrishwa na mara nyingi hatuitekelezi.

Na lugha hiyo si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Neno letu "shule" limetoka katika Kijerumani, na "hela" limetokana na sarafu ya Heller iliyoingizwa Afrika Mashariki mwaka 1904. Maneno yao marefu yanayotisha machoni nayo huwa mepesi yakichambuliwa: hospitali wanaiita "nyumba ya wagonjwa", na glavu wanaiita "kiatu cha mkono".

Mwenye elimu asiye na ulimi

Hata hivyo, nisije nikawapaka wazazi mafuta kwa mgongo wa chupa. Faida hizo ni za kuanzia tu. Katika semina moja tulikuwa tukisoma ukurasa wa kitabu cha fiq'hi kwa Kiarabu. Mwanafunzi mmoja wa Kijerumani akauliza kwa nini neno fulani limewekwa katika hali ya nasbu. Kanuni yake nilikuwa naijua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nikainua mkono, nikapewa ruhusa, nikafungua kinywa, na Kijerumani kikanikimbia. Watu kumi na watano walikaa kimya wakiningoja. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyenikamilishia sentensi. Nilitumia dakika nyingi kueleza jambo ambalo kwa Kiswahili lingechukua nusu dakika, na nilipomaliza, profesa akalirudia kwa lugha safi na kuniuliza kama hivyo ndivyo nilivyokusudia.

Tukio hilo limenifunza kuwa elimu isiyo na ulimi ni kama maji katika kisima kisicho na kamba. Yapo, lakini kiu haiondoki. Limenifunza pia kuwa mgeni anayesema polepole si mjinga, na tangu hapo nimekuwa nikiwasikiliza kwa namna nyingine wageni wanaokuja kwetu na Kiswahili cha kubabaisha.

Semina zao zimejengwa juu ya kuuliza. Mwanafunzi hupewa mada, huiwasilisha mbele ya wenzake, kisha huhojiwa. Kijana aliyelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa huona tabu, na baadhi hudhani kuwa kuuliza ni utovu wa adabu. La hasha. Vitabu vyetu vya fiq'hi vimejaa ibara za "wakisema, tutasema", yaani hoja na jibu la hoja. Tofauti ni kwamba katika semina hiyo wapo watakaozungumza kuhusu Uislamu kutoka nje yake, na pengine kwa namna inayochoma moyo. Kijana aliyekwenda na hamaki atatoka nje na kugonga mlango. Aliyekwenda na elimu atauliza: kauli hii umeitoa katika kitabu gani? Swali hilo wanaliheshimu sana.

Nitaje hapa kuwa mambo yamebadilika tangu siku zetu. Kuanzia mwaka 2010 na 2011 vyuo vya umma vya Ujerumani vilianzisha vituo vya theolojia ya Kiislamu, kwa mfano Tübingen, Münster, Osnabrück, Frankfurt na Erlangen. Leo Muislamu anaweza kuisoma tafsiri na fiq'hi katika chuo kikuu kwa Kijerumani, mbele ya mwalimu Muislamu.

Amana ya maandishi

Jambo walilonitilia mkazo kuliko yote lilikuwa uaminifu katika kunukuu. Kila rai itajwe mwenyewe, kitabu na ukurasa. Kwa mtu aliyesoma hadithi, hili lina harufu ya isnadi: fulani amepokea kutoka kwa fulani. Na kwao si maneno matupu. Mwaka 2011, Waziri wa Ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alivuliwa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Bayreuth, baada ya kubainika kuwa tasnifu yake ilikuwa na kurasa nyingi zilizochukuliwa kwa wengine bila kutajwa. Akajiuzulu. Mwaka 2013 Waziri wa Elimu, Annette Schavan, naye alivuliwa shahada na chuo chake cha Düsseldorf kwa tasnifu aliyoiandika zaidi ya miaka thelathini nyuma, naye akajiuzulu.

Wazazi wenzangu, mtoto anayeandikiwa kazi zake na kaka yake, au anayezitoa intaneti neno kwa neno ilhali nyumbani tunamsifu kwa alama, tunamwandalia aibu ya kesho. Ugenini hakuna wa kumfichia, na mbele ya Mwenyezi Mungu hapajawahi kuwa na wa kumfichia.

Swala, funga na upweke

Sasa khofu ya kwanza. Je, kijana atapoteza dini? Tuseme ukweli: wapo waliopoteza, na wapo walioipatia kule. Katika wale niliowaona, tofauti haikuletwa na Ujerumani. Ilikuja na mtu ndani ya begi lake.

Kwetu sisi swala inabebwa na wengi. Muadhini huita, mama hugonga mlango, jirani huuliza mbona hatukukuona alfajiri. Bayreuth hakuna aliyeniita wala aliyenikataza. Mwezi wa Desemba, katika eneo lile, jua huchomoza takriban saa mbili asubuhi na kuzama kama saa kumi na robo alasiri. Adhuhuri huingia baada tu ya saa sita, Alasiri kama saa nane, kisha Magharibi. Yaani swala tatu ndani ya mchana mmoja wa mihadhara. Mwezi wa Juni mambo hugeuka, na jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Kijana aliyezoea kuswali kwa kuitwa hujikuta siku imekwisha hajaswali hata moja, si kwa kukanusha, bali kwa kutokuwa na wa kumkumbusha. Aliyefundishwa kuujua wakati kwa jua na kwa kivuli, na akaswali kwa kuwa yeye mwenyewe ameamua, hutafuta kona ya maktaba, humwomba mtunzaji ruhusa, na kwa uzoefu wangu hupewa.

Ramadhani ya mwaka 1419 Hijria ilituingilia katika Desemba ile ya 1998. Funga ilikuwa fupi, kama saa kumi hivi, lakini ilikuwa ndefu kwa upweke, kwani hakuna futari inayonukia mtaani na theluji imefunika kila kitu. Tofauti na hiyo, waliofunga huko katika miaka ya 2014 hadi 2016, Ramadhani ilipoangukia Juni na Julai, walikaa na funga zaidi ya saa kumi na saba. Kilichotusaidia sisi ni Waturuki. Mwaka 1961 Ujerumani na Uturuki zilitiliana mkataba wa kupeleka wafanyakazi, na wafanyakazi hao na watoto wao ndio waliofungua misikiti katika miji mingi, mingine ikiwa ni vyumba tu nyuma ya ua. Khutba ilikuwa kwa Kituruki na sikuifahamu, lakini Fatiha ilikuwa ileile, na sahani ya wali ilisogezwa mbele yangu bila ya kuulizwa natoka wapi.

Kuhusu chakula, bwalo la chuo huandika wazi chakula chenye nguruwe, na samaki na mboga hupatikana. Tatizo kubwa si sahani, bali mwaliko wa jioni wenye kinywaji. Nilichokishuhudia ni kuwa anayekataa mara ya kwanza kwa upole na kwa uwazi haulizwi mara ya pili. Anayetoa visingizio, leo tumbo na kesho dawa, huendelea kushawishiwa.

Historia iliyo baina yetu na wao

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki akiwa Ujerumani si mtu wa kwanza wa kwao kuikanyaga ardhi ile. Mwaka 1900 aliwasili Berlin Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyesoma elimu ya dini, kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1887. Wengi wa waliofundishwa hapo walikuwa wakiandaliwa kwenda kutawala makoloni, na si wote waliomstahi mwalimu Mwafrika. Kazi yake juu ya desturi za Waswahili ilichapishwa mwaka 1903 na mpaka leo inategemewa na watafiti. Alifariki Berlin mwaka 1927. Yeye alikwenda kama raia wa chini ya bendera yao. Kijana wetu wa leo anakwenda kama mwanafunzi mwenye pasipoti ya nchi yake. Tofauti hiyo ni neema, na inadaiwa shukurani.

Kijana aijue pia habari ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa viliua watu hadi laki tatu, wengi wao kwa njaa iliyofuatia kuchomwa kwa mashamba na maghala. Wajerumani wengi niliosoma nao hawakuwahi kuisikia habari hiyo, na walinigeukia mimi niwaeleze. Aibu iliyoje kwa mtoto wa kwetu akiulizwa na akawa naye hajui! Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea na kuomba msamaha kwa niaba ya taifa lake. Jambo hilo lina uzito wake, lakini hulipima vizuri yule anayejua kilichoombewa msamaha.

Na upo mfano mmoja unaogusa madrasa zetu moja kwa moja. Kamusi ya Kiarabu ya Hans Wehr, ambayo wanafunzi wetu wengi wanaitumia kwa tafsiri yake ya Kiingereza ya mwaka 1961, asili yake ni kamusi ya Kiarabu kwa Kijerumani iliyochapishwa Leipzig mwaka 1952. Miongoni mwa walioifanyia kazi alikuwa Hedwig Klein, mwanamke wa Kiyahudi kutoka Hamburg, aliyekuwa ameandika tasnifu yake juu ya sehemu ya kitabu cha Kiarabu cha historia, Kashf al-Ghumma, kilichotoka Oman. Kwa sababu ya asili yake alinyimwa shahada aliyokwishaifanyia kazi, na Julai 1942 utawala wa Wanazi ulimpeleka Auschwitz, asirudi tena. Shahada ilitolewa mwaka 1947, mwenyewe akiwa hayupo. Kila tunapoifungua kamusi hiyo kutafuta maana ya neno moja la Kiarabu, tunanufaika na jasho la mtu aliyedhulumiwa roho yake. Nchi ilikuwa na maktaba bora na maprofesa wakubwa, na vyote hivyo havikumwokoa. Elimu bila uadilifu haimlindi mtu. Nalisema hili ili kijana wetu asiende kule akadhani kuwa kila chenye mpangilio mzuri kina uadilifu, wala asiwahukumu watu wa leo kwa dhambi za babu zao.

Nasaha kwa wazazi

Baada ya hayo, nawapa wazazi mambo manne ya kuyashika.

Kwanza, lugha ianze nyumbani. Taasisi ya Goethe ina vituo Nairobi na Dar es Salaam. Ingawa siku hizi kozi nyingi, hasa za shahada ya pili, hutolewa kwa Kiingereza, maisha ya dukani, hospitalini na ofisini ni ya Kijerumani. Anayekwenda kusoma kwa Kijerumani hutakiwa kwa kawaida kufaulu mtihani kama TestDaF, unaopima kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza.

Pili, hesabu ya fedha ifanywe kwa uwazi. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, bali mchango wa kila muhula. Lakini jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, ingawa wanaokwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kwa kawaida husamehewa. Masomo ya bure si maisha ya bure. Kwa viza, anayejilipia hutakiwa kuonesha kuwa ana fedha za kujikimu, na mwaka 2024 kiwango kilipangwa kuwa euro 992 kwa mwezi, sawa na euro 11,904 kwa mwaka, zikiwekwa katika akaunti maalumu inayotoa kiasi kidogo kila mwezi. Yapo pia mashirika ya ufadhili, likiwemo DAAD lililoanzishwa mwaka 1925. Familia isiuze shamba kwa ahadi ya wakala wa mdomoni.

Tatu, kabla ya kuondoka, kijana aafikiane kwa maandishi na chuo chake cha nyumbani juu ya masomo yatakayotambuliwa akirudi. Muhula kamili kwao huhesabiwa alama 30, na kila alama moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Hiyo ni kazi ya kutwa, haina nafasi ya mchezo.

Nne, na ndilo kubwa, msimwondoe mtoto madrasa kwa hoja kwamba anajiandaa na chuo kikuu. Nimeeleza jinsi nahau ya Kiarabu inavyofungua mlango wa Kijerumani, jinsi isnadi inavyofungua mlango wa utafiti, na jinsi swala ya hiari inavyomshikilia mtu pasipo na wa kumshika. Mfundisheni pia kupika, kufua, na kuomba msaada anapougua au anapozongwa na upweke, kwani miezi ya giza la baridi imewainamisha hata wenye nguvu. Mpigieni simu, lakini msimuulize tu amepata alama ngapi. Muulizeni amekula nini na ameswali wapi.

Basi tukirejea kwa baba anayeuliza kama amwache mwanawe aende, nasi tumuulize kwanza: amebeba nini? Kama amebeba lugha yake, dini yake na historia ya watu wake, mwacheni aende kwa baraka za Mwenyezi Mungu. Na kama begi bado ni tupu, muda upo wa kulijaza, na kazi hiyo si ya Wajerumani, ni yetu sisi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali na walio karibu, awape elimu yenye manufaa, na awarejeshe kwetu wakiwa bora kuliko walivyoondoka. Wabillahi tawfiq.